Paka wangu ashibia kwa jirani

Swali: Daktari, naishi Kuze, Mji wa Kale. Paka wangu hutoka alfajiri, akirudi hagusi chakula. Jirani humpa mabaki ya biriani. Nimwambieje asiudhike?

Jibu: Dada yangu, Mji wa Kale paka ni wa mtaa mzima, kumkataza jirani huruma yake hutaweza, wala si vizuri. Ila biriani ina vitunguu na thomu, na vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Mwambie hilo mwenyewe, barazani baada ya alasiri, usitume mtoto. Mpelekee samaki wa kuchemsha, bila chumvi wala miiba, ampe paka. Maziwa pia aache: paka wengi wakubwa huwaharisha. Paka akiwa kwenye dawa, mfungie ndani hadi amalize.