Magofu, Ziwa na Tope: Ziara ya Masomo kutoka Mamboya hadi Tambarare ya Mkata

Shule inapopanga ziara ya masomo katika mkoa wa Morogoro, mara nyingi huelekea Mikumi. Wanafunzi hupanda basi, huwahesabu tembo na twiga kando ya barabara kuu, kisha hurejea kabla ya jua kutua. Ziara ya namna hiyo haina ubaya, lakini inaacha nje sehemu kubwa ya yale ambayo nchi ile inaweza kufundisha. Makala haya yanapendekeza njia nyingine: kuanza na mabaki ya kale ya Mamboya, kupita katika ziwa Gombo, kuufuata mto Mkondoa hadi mjini Kilosa, na kumalizia katika tambarare ya Mkata, ambayo sehemu yake imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Mwalimu ataona kwamba kituo cha kwanza ni cha somo la historia, viwili vinavyofuata ni vya jiografia, na cha mwisho ni cha baiolojia. Hata hivyo vyote vimo katika bonde la mto mmoja, mto Wami, na katika vyote tutakuwa tukitafuta kitu kimoja, yaani tope.

Hebu kwanza tuitazame ramani. Milima ya Ukaguru upande wa kaskazini na milima ya Rubeho upande wa kusini ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki. Kati yake limepita bonde jembamba la Mkondoa. Maji ya bonde hilo huanzia mbali, katika nchi kavu ya Dodoma na Mpwapwa, kwa jina la Kinyasungwe, mto ambao hujaa wakati wa masika na kukauka wakati wa kiangazi. Kinyasungwe hupitia Gombo, hugeuka kuwa Mkondoa, huteremka hadi Kilosa na kutawanyika katika tambarare ya Mkata. Vijito vya mashariki mwa Ukaguru, upande wa Mamboya, huteremka kwa njia zao wenyewe, navyo huishia katika Wami. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Kilosa iko kwenye mita 500 hivi. Maji yanayoshuka tofauti hiyo katika bonde jembamba hayashuki mikono mitupu.

Mamboya ilikuwa mojawapo ya vituo vya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji, mwendo wa kilomita 1,200 hivi. Mwaka 2006 Tanzania iliiwasilisha njia hiyo kwa UNESCO ili iingizwe katika orodha ya muda ya urithi wa dunia, na vituo sita vilitajwa: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Karibu na mwaka 1880 wamisionari wa Kianglikana wa chama cha CMS walifungua kituo chao huko. Mmoja wao, J. T. Last, alichapisha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Si mbali sana na hapo, katika wilaya hiyo hiyo ya Kilosa, ndiko Msowero alikotawala Mangungo, ambaye kila mwanafunzi wa kidato cha pili amekwisha kusoma habari za mkataba wake na Karl Peters wa Novemba 1884.

Swali la kuwauliza wanafunzi si tarehe hizo, bali ni hili: kwa nini msafara ulale Mamboya? Mpagazi aliyebeba pembe au vitambaa alihitaji maji na chakula kila jioni. Mashariki kulikuwa na tambarare ya Mkata, ambayo wakati wa masika ilikuwa bwawa la matope. Magharibi, ng'ambo ya Mpwapwa, kulikuwa na nyika isiyo na maji iliyoitwa Marenga Mkali, yaani maji machungu. Milima iliyo katikati ilikuwa na vijito visivyokauka na mashamba yenye mavuno. Kwa hiyo historia ya Mamboya imeandikwa kwanza na mvua na miinuko, na baadaye ndipo ikaja kuandikwa na wafanyabiashara, wamisionari na wakoloni.

Mabaki ya kituo cha namna hii hayafanani na yale ya Kilwa Kisiwani. Mtu asitegemee kuta ndefu za matumbawe. Atafute misingi ya mawe iliyozama ardhini, makaburi, vigae, na miembe mikubwa iliyopandwa kwa safu, kwani katika njia ile ya misafara mwembe mara nyingi ni alama nzuri kuliko ukuta. Wanafunzi wachore na kupima, lakini wasichimbe wala kuokota kitu. Mabaki ya kale yanalindwa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na zaidi ya hayo, kigae kilichoondolewa mahali pake kimepoteza nusu ya habari zake. Kazi moja inafaa sana: pimeni kina cha udongo uliorundikana juu ya msingi upande wa mlimani, mahali ambapo mmomonyoko wenyewe umekwisha kuufunua. Udongo huo umeshuka baada ya jengo kujengwa.

Jambo hili la udongo kuandika historia limeelezwa vizuri katika nchi nyingine. Huko Ayalandi, kusini ya mji wa Dublin, liko bonde liitwalo Glendalough, lenye magofu ya monasteri iliyoanzishwa na Mtakatifu Kevin katika karne ya 6, pamoja na mnara wa duara wenye urefu wa mita 30 hivi. Jina lenyewe kwa lugha ya nchi hiyo maana yake ni bonde la maziwa mawili. Wanajiolojia wanatueleza kwamba zamani ziwa lilikuwa moja tu. Kijito cha Poulanass, kinachoingia kwa ubavuni, kilimwaga mchanga na changarawe hadi kikalikata ziwa hilo vipande viwili. Wageni huenda huko kuutazama mnara. Ni wachache wanaotambua kwamba ule uwanda wa majani ulio kati ya maziwa ni kazi ya kijito kidogo kilichofanya kazi bila likizo kwa maelfu ya miaka.

Kwetu sisi kazi ya namna hiyo huenda kwa kasi kubwa zaidi, na hapa ndipo ziwa Gombo linapoingia. Henry Morton Stanley alipiga kambi kando yake mwezi Mei 1871, akiwa safarini kumtafuta Livingstone, naye aliliita Ugombo. Alisimulia habari za viboko na ndege wengi, akalifananisha umbo lake na ramani ya Uingereza iliyokatwa sehemu ya Wales. (Mwalimu aliyezoea kuvisoma vitabu vya Stanley atajua kwamba habari zake juu ya watu zahitaji kupimwa kwa uangalifu. Habari zake juu ya maji na vilima ni za kuaminika zaidi.) Wanafunzi na waichukue picha ya satelaiti ya siku hizi, wachore ukingo wa ziwa, kisha waulinganishe na maelezo hayo.

Ziwa lililo katika njia ya mto wenye tope hufanya kazi kama mtungi wa kutuliza maji. Mkondo unapoingia hupunguza mwendo, na kila chembe huzama kwa kasi inayolingana na ukubwa wake. Chembe ya mchanga yenye kipenyo cha milimita 0.1 huzama mita moja kwa dakika mbili hivi. Ikiwa kipenyo ni milimita 0.01, itahitaji saa tatu. Chembe ya mfinyanzi ya milimita 0.001 huhitaji takribani siku kumi na tatu, hata katika maji yaliyotulia kabisa. Ndiyo maana mchanga hubaki kwenye mdomo wa ziwa, na mfinyanzi huendelea na safari hadi Mkata na hata baharini.

Tope hilo latoka wapi? Jibu lilianza kupatikana Mpwapwa kwenyewe. Katika miaka ya 1930 vilitengwa huko vipande vya ardhi vyenye mwinamo mdogo, na maji pamoja na udongo uliotoka katika kila kipande vikapimwa. Katika kichaka kisichochungwa mifugo, chini ya asilimia 1 ya mvua ilitiririka juu ya ardhi. Katika ardhi tupu ilitiririka karibu nusu ya mvua yote, nayo ikachukua zaidi ya tani 100 za udongo kwa hekta kwa mwaka. Majaribio haya yalikuwa miongoni mwa ya kwanza ya aina yake barani Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao kutoka Uswidi walipima mabwawa ya Dodoma, likiwemo la Ikowa lililojengwa mwaka 1957, wakaonyesha kwamba mabwawa hayo yangejaa tope katika miongo michache tu.

Ziwa linapopungua kina, nafasi ya kuyazuia maji ya gharika hupungua pia, na mzigo huo huangukia walio chini. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, hupita bonde hilo hilo la Mkondoa kwa sababu hapakuwa na mlango mwingine mzuri kati ya milima. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto ulifurika, maelfu ya watu wa Kilosa wakapoteza makazi, na reli kati ya Kilosa na Gulwe ikaharibika kiasi cha kusimamisha safari kwa miezi kadhaa. Wajenzi wa reli mpya, ambayo treni zake zilianza kufika Dodoma mwaka 2024, walitoboa mahandaki katika milima ya Kilosa.

Kupima mzigo wa mto si kazi ngumu. Chagueni mahali paliponyooka, pimeni mita 20 ukingoni, kisha tupeni chungwa katikati ya mkondo na kuhesabu sekunde. Tuseme limetumia sekunde 25: kasi ya juu ni mita 0.8 kwa sekunde. Zidisheni kwa 0.85, kwa kuwa maji ya chini huenda polepole, mpate 0.68. Kama mto una upana wa mita 12 na kina cha wastani cha nusu mita, eneo ni mita 6 za mraba, na maji yapitayo ni mita za ujazo 4 hivi kwa sekunde. Tekeni lita moja, ichujeni, likausheni tope na kulipima. Sasa fikirieni mto uliofurika wenye mita za ujazo 100 kwa sekunde na gramu 5 katika kila lita. Hizo ni kilo 500 kila sekunde, au tani 1,800 kwa saa moja! Tarakimu hizi ni za mfano tu. Za kweli mtazipata nyinyi wenyewe. Kipimo cha gharika kifanyike darajani, kamwe si ukingoni, na kwa kina cha mto waulizwe wenyeji. Mahali penye mamba au viboko pasikaribiwe hata wakati wa kiangazi.

Kituo cha mwisho ni Mkata. Hifadhi ya Mikumi iliundwa mwaka 1964, ikapanuliwa mwaka 1975, na sasa ina kilomita za mraba 3,230. Udongo mweusi wa tambarare hiyo ni mfinyanzi ulioletwa na maji. Hunyonya na kuvimba wakati wa mvua, hupasuka wakati wa jua. Miti mingi haiwezi kuvumilia hali hiyo, nyasi zaweza, na nyati na pundamilia huzifuata nyasi. Basi yule mnyama ambaye wanafunzi walikuja kumhesabu amesimama juu ya mashapo ya mito.

Katika njia yote hiyo, mwalimu awatume wanafunzi kupima jambo moja zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kudhuru mto au ziwa ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Kwa kamba ya mita 60 na daftari, kikundi cha wanafunzi watano kinaweza kurekodi, karibu na Kilosa na karibu na Gombo, ni mahali pangapi pana miti, pangapi pana mahindi, na pangapi ardhi iko tupu. Wazungumze pia na wakulima wenyewe, kwani shamba la ukingoni ndilo lenye unyevu wakati mashamba mengine yamekauka, na mtu halilimi kwa kutojua. Vipimo vichukuliwe Novemba kabla ya mvua, na virudiwe Mei mahali pale pale, kwa kamba ile ile.