ELIMU KWA WATUMISHI NA WANANCHI: VITI VYA SAFU TATU NA IDADI YA ABIRIA

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanaombwa kuzingatia maelezo yafuatayo kuhusu gari kubwa za familia zenye safu tatu za viti, mfano wa Toyota Land Cruiser na Land Rover Discovery. Gari hizi hutumika kwa kazi za ofisi, na vilevile kwa safari za harusi na maziko baina ya mjini na shamba, ambako ndiko ujazaji unakozidi.

Mpangilio huhesabiwa kutoka mbele: wawili, watatu, wawili, yaani watu 7 pamoja na dereva; ama wawili, watatu, watatu, yaani 8. Land Cruiser ya toleo la 200, iliyotoka mwaka 2007, viti vyake vya nyuma hukunjwa kuelekea ubavuni. Ile ya 300, ya mwaka 2021, viti hulala sakafuni. Tofauti hiyo si ya urembo, kwani kiti kilichokunjwa ubavuni hula nafasi ya mizigo hata kikiwa hakina mtu. Discovery ya kwanza, ya mwaka 1989, iliweza kuwekewa nyuma viti viwili vidogo vinavyotazamana. Abiria anayekaa upande namna hiyo hana kinga sawa na anayetazama mbele pindi gari inapogonga.

Kwa hiyo, kabla ya kupanga abiria, ihesabiwe mikanda, si upana wa kiti. Mikanda ikiwa 7, watu ni 7. Mtoto aliyepakatwa naye ni mtu kamili katika hesabu hii; mikono ya mzazi, hata awe na nguvu vipi, haiwezi kumzuia gari inapogonga.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni uzito. Tuseme gari tupu ina kilo 2,300, na uzito wa juu uliowekwa na mtengenezaji ni kilo 2,900. Zinabaki kilo 600. Watu 8 wa kilo 75 kila mmoja wamekwisha kuzimaliza. Gunia la mchele na mapipa ya maji yaliyofungwa juu ya paa yamezidi. Aidha, safu ya tatu huwa juu ya ekseli ya nyuma au nyuma yake. Uzito ukirundikana huko, springi za nyuma hukaa chini, magurudumu ya mbele hupungukiwa na mshiko, na usukani huwa mwepesi kuliko inavyofaa. Mzigo wa juu ya paa nao huongeza hatari ya gari kupinduka kwenye kona. Mizigo mizito iwekwe chini, karibu na safu ya pili, na safu ya tatu wakae walio wepesi.

Mwisho ni njia ya kutokea. Katika gari nyingi za aina hii, wa nyuma hawatoki mpaka kiti cha safu ya pili kikunjwe. Kiti cha mtoto kilichofungwa juu ya kiti hicho huwafungia njia. Kwa kuwa gari zetu hupita kushoto, abiria hupaswa kushukia upande wa kushoto. Basi kiti cha mtoto kisifungwe juu ya kile kinachofungua njia ya upande huo. Dereva ajaribu kukikunja kabla ya safari, abiria wa nyuma wakiwa wameketi.