SOMO LETU: Kufufua Redio Kaseti Bila Kuua Kaseti

Nyumba nyingi vijijini bado zina redio kaseti ya zamani. Iko juu ya kabati au imesukumwa uvunguni, hailii tena. Vijana wanaiona takataka, maana simu zao zinapiga muziki. Wengine huiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, eti kwa kilo!

Lakini karibu na redio hiyo mara nyingi zipo kaseti. Ndani yake mna sauti ya babu akieleza habari za ukoo, kwaya ya kijiji, au harusi ya mwaka 1984. Hizo haziuzwi dukani. Utepe ukikatwa au sauti ikifutwa, imekwenda.

Kaseti za aina hii zilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Ndani mna utepe wa plastiki uliopakwa unga laini wenye chuma, na sauti imeandikwa kwa sumaku katika unga huo. Kaseti ya dakika 60 ina utepe wa karibu mita 90, nao ni mwembamba kuliko karatasi ya gazeti hili. Kwa hiyo usiweke kaseti juani, wala juu ya spika, kwani spika ina sumaku.

Sasa tuishike redio. Kama ina waya wa umeme, chomoa kwanza. Kufungua mgongo wa redio ya umeme mwachie fundi.

Fungua pale panapokaa betri, au mawe kama wengi wetu tunavyosema. Mawe yaliyosahauliwa huvuja, na majimaji yake hula springi. Yatoe. Usishike ule unga mweupe kwa mkono mtupu. Ukwangue kwa kijiti, futa kwa kitambaa chenye siki kidogo, kausha, kisha sugua springi kwa msasa laini mpaka ing'ae. Tia mawe mapya. Mara nyingi redio huamka hapo hapo, na fundi hajalipwa hata senti.

Upande wa kaseti unataka subira zaidi. Fungua kimlango chake. Utaona kichuma kinachong'aa, mafundi hukiita hedi, na pembeni kigurudumu cha mpira. Vyote hushika uchafu wa kahawia unaotoka kwenye utepe. Kigurudumu kichafu hung'ang'ania utepe na kuuvuta ndani, ndipo watu husema redio imekula kaseti. Chovya pamba katika spiriti ya dukani la dawa, futa polepole, acha ikauke. Petroli na mafuta ya taa hapana, huharibu mpira. Ukisikia mota inalia lakini kaseti haizunguki, belti ya ndani imelegea au imeyeyuka kama lami. Hapo mpelekee fundi abadilishe.

Redio ikipona, usianze na kaseti ya marehemu! Tafuta kaseti ambayo ikiliwa hakuna atakayelia. Icheze upande mzima, mwanzo hadi mwisho. Ikitoka salama, ndipo uchukue ile ya thamani. Kwanza izungushe kwa mkono, kwa kutumia kalamu, uhakikishe utepe haujagandamana. Pili, tazama mgongoni mwa kaseti, kuna vijino viwili vya plastiki. Vivunje. Baada ya hapo hata mtoto akibonyeza kitufe chekundu, redio haitarekodi juu ya sauti ya babu.

Cheza sasa, milango ikiwa imefungwa na kuku wako mbali, na simu ikirekodi karibu na spika. Mpe nakala ndugu wa pili na wa tatu, kila mmoja katika simu yake. Simu nayo huanguka kisimani.

Kazi yako ikiisha, redio isirudi uvunguni. Mwazime jirani mwenye kaseti zake, au mwachie kabisa. Ila mweleze ukweli wote: redio inakamata, upande wa kaseti unakwenda polepole, mlango unafungwa kwa mpira. Na mfundishe ile kazi ya pamba na spiriti.

MASWALI YA KUJADILI
1. Katika kitongoji chenu, nani ana redio kaseti? Nani ana kaseti tu?
2. Ni sauti ya nani mngeanza kuinakili, na kwa nini?
3. Kwa nini tunajaribu kwanza na kaseti isiyo na thamani?