DAMU YA MZEE, TOFALI AU UDONGO? MPE DIZAINA NAMBA, USIMPE JINA

Leo tuongelee ile nyekundu iliyopoa, inayoelekea kwenye kahawia. Inakaa vizuri sana kwenye lebo za viungo, kahawa, sabuni za asili na mikoba ya ngozi. Shida yake ni moja: kila mtu anaiita anavyojua. Wewe unasema damu ya mzee, dizaina anawaza zambarau, mwenye printa anawaza tofali. Lebo 500 zikishatoka na rangi siyo, hela imeshaenda na huna hata cha kumdai mtu.

1. CHAGUA NAMBA MOJA
Mfano mzuri ni #9C4A3C. Maana yake skrini inachanganya mwanga mwekundu 156, kijani 74 na bluu 60, kila mmoja kwenye kipimo cha 0 mpaka 255. Iandike hiyo namba kwenye daftari na uitumie kila mahali: nembo, stetasi, lebo, mfuko. Majina yanadanganya hata kwenye kompyuta. Kwenye tovuti, rangi iliyopewa jina la brown ni #A52A2A, na ukiiangalia ni nyekundu zaidi kuliko kahawia!

2. JUU YAKE ANDIKA KWA NYEUPE, SIYO NYEUSI
Mwongozo wa kimataifa wa tovuti, WCAG, unataka maandishi ya kawaida yapishane na rangi ya nyuma kwa angalau 4.5 kwa 1. Nyeupe juu ya #9C4A3C inapata kama 6. Nyeusi inapata kama 3.5 tu. Kwa hiyo ukiandika bei kwa nyeusi, mteja aliyeshika simu juani haioni, na asiyeona bei anapita zake.

3. ITUMIE KWA KIASI
Rangi hii imepoa, haipigi kelele. Ukiijaza tangazo zima, tangazo linakuwa zito na giza. Weka nyuma nyeupe au krimu, halafu tofali iende kwenye jina la duka, bei na sehemu ya kuagiza. Jicho litajua lenyewe pa kwenda.

4. KABLA HUJACHAPISHA
Skrini inatoa mwanga, karatasi haitoi. Ndiyo maana rangi hii ikichapwa mara nyingi inaonekana nzito kuliko ulivyoiona kwenye simu. Printa inatumia wino wa rangi nne. Unaweza kuanzia hapa: samawati 0, majenta 53, njano 62, nyeusi 39, zote kwa asilimia. Ni pa kuanzia tu, kwa sababu kila printa na karatasi ina tabia yake.

Angalia na karatasi yenyewe. Wino unapitisha mwanga, kwa hiyo ukichapa kwenye bahasha ya kaki, ile kaki inaingia ndani ya rangi na tofali lako linageuka kahawia kabisa. Maandishi meupe madogo nayo ni hatari: wino ukihama kidogo, herufi zinazibwa. Tumia herufi nene.

Omba lebo moja ya majaribio kwenye karatasi ileile utakayotumia. Itoe nje, iangalie mchana. Ukiridhika, ndiyo ulipie zilizobaki. Kalipe kadogo mapema kuliko kulipia 500 mara mbili.

5. KAMA BIDHAA YENYEWE NDIYO YA RANGI HII
Gauni au mkoba wa tofali upige picha mchana, karibu na dirisha, taa ikiwa imezimwa. Balbu ya njano inaivuta rangi kwenye chungwa. Usiweke filta. Halafu eleza kwa maneno: "nyekundu iliyopoa, inaelekea kahawia, siyo nyekundu ya kuwaka." Mteja akipokea kitu tofauti na picha, anarudisha, na nauli ya boda kwenda na kurudi inakuangukia wewe.

Kwa hiyo leo fanya jambo moja: tafuta namba ya rangi yako na uiandike. Ukienda kwa dizaina mwingine au printa nyingine, unaenda na namba mkononi, hakuna kubishana.

Unamjua mwenzako anayekwenda kuchapisha lebo wiki hii? Mtumie hii kabla hajalipa.