Kwa nini kizibo cha jino hushika, na kwa nini hubanduka

Kizibo cha jino kikidondoka mapema, wengi wetu hulaumu kilichozibia: dawa ilikuwa mbovu, tena ya bei rahisi. Mara nyingi chanzo kiko kwingine. Vile vizibo vya rangi ya jino, ambavyo madaktari huviita kompositi, hushikilia jino kwa gundi nyepesi kama maji, na gundi hiyo hufaulu au hushindwa kutokana na jinsi jino lilivyoandaliwa kabla haijapakwa. Adui wake mkubwa ni mate. Mgonjwa anayelijua hilo humsaidia daktari wake kuliko anavyodhani.

Zamani gundi haikuhitajika. Amalgamu, ule mchanganyiko wa zebaki, fedha, bati na shaba, haigandi kwenye jino hata kidogo. Ili isitoke, daktari alichonga tundu lililo pana chini na jembamba mdomoni, kizibo kikabanwa humo. Lililoumia ni jino lenyewe, kwa kuwa sehemu nzima zilichongwa ili zibebe kizibo cha sehemu iliyooza.

Njia ya kuondokana na uchongaji huo ilionekana mwaka 1955. Michael Buonocore, mtafiti wa meno mjini Rochester, Marekani, alijua kwamba viwandani chuma hupakwa asidi ya fosforiki ili rangi ishike. Akaijaribu asidi hiyo kwenye jino: akapaka, akaacha sekunde 30, akaosha, akakausha, kisha akaweka plastiki ya akriliki. Plastiki ikashika vizuri zaidi kuliko kwenye jino lisilopakwa. Madaktari wanatumia asidi hiyo mpaka leo, ila hafifu zaidi. Yake ilikuwa ya asilimia 85. Ya sasa ni kama asilimia 37.

Kinachofanyika ni hiki. Enameli, yaani ganda gumu la nje ya jino, ni madini kwa asilimia 96 hivi ya uzito wake. Asidi huyayeyusha madini hayo bila usawa na kuacha vishimo visivyoonekana kwa macho. Gundi huingia humo ikiwa majimaji, ikigandishwa haina pa kutokea. Fundi pancha hufanya kazi ya namna hiyohiyo anaposugua tyubu kwa msasa, akaikausha, ndipo akapaka solusheni. Kiraka kilichowekwa juu ya tyubu laini yenye maji hakifiki mbali. Enameli iliyokwisha kuandaliwa na kukaushwa hugeuka nyeupe kama chaki. Mate yakiigusa hapo, protini zake hufunika vile vishimo mara moja, wala kupuliza hewa tu hakutoshi. Inabidi isafishwe na kupakwa asidi upya.

Chini ya enameli kuna dentini, na hapo ndipo kazi ilipo ngumu. Madini ni kama asilimia 70 tu ya uzito wake. Kinachobaki ni nyuzi za kolajeni na maji. Imejaa mirija myembamba inayotoka kwenye kiini cha jino, na ndani ya mirija hiyo mna maji. Kwa hiyo daktari anaambatisha kitu kwenye mahali penye unyevu wa asili. Asidi ikiondoa madini, hubaki wavu wa kolajeni. Ukikaushwa kupita kiasi, wavu huo hulala na gundi haipenyi; ukiachwa na maji mengi, gundi huzimuliwa. Mwaka 1982 Nobuo Nakabayashi wa Japani na wenzake walieleza kinachotokea kazi ikifanywa sawasawa: gundi na kolajeni husukana na kuwa tabaka moja, ambalo si jino tupu wala si plastiki tupu. Gundi nyingine za sasa zina asidi ndani yake na hazihitaji kuoshwa, na baadhi hujiunga na kalsiamu ya jino kikemia. Zimepunguza hatua, lakini hazijaondoa haja ya uangalifu.

Kisha huja ile taa ya buluu. Mwanga wake, wa urefu wa wimbi unaokaribia nanomita 470, ndio unaoamsha kemikali ya kugandisha gundi na kompositi. Usiutazame moja kwa moja. Kompositi ya kawaida huwekwa tabaka kwa tabaka, kila moja lisizidi milimita 2 hivi, kwa sababu mwanga haufiki vizuri chini zaidi. Ukiona daktari anamulika mara nyingi, usikereke. Huyo anakutendea haki.

Kuna mambo mawili ya kwetu ambayo nasisitiza yasemwe mapema. La kwanza ni karafuu. Jino likiuma, watu hupaka mafuta ya karafuu, na kweli hutuliza. Kinachotuliza ni eujenoli, na eujenoli hiyohiyo huzuia gundi na kompositi zisigande vizuri. Imo pia katika baadhi ya vizibo vya muda. Kama umepaka, mwambie daktari kabla hajaanza. Mwambie vilevile kama umeng'arisha meno kwa dawa hivi karibuni, kwa kuwa kizibo husubiri wiki moja mpaka mbili baada ya hapo.

La pili ni meno ya kahawia ya watu waliokulia kwenye maji yenye floridi nyingi, kama sehemu za Arusha, Kilimanjaro na Bonde la Ufa nchini Kenya. Tabaka la juu la enameli yao huwa gumu kuyeyushwa na asidi. Daktari anaweza kulikwangua kidogo kwanza au kuongeza muda wa asidi. Asipofanya hivyo, kizibo au bamba la kuficha madoa huenda lisidumu.

Pale ambapo kukausha jino hakuwezekani, kwa mtoto asiyetulia au zahanati isiyo na umeme, kuna saruji ya glasi-ionoma. Yenyewe hujiunga na kalsiamu ya jino, huvumilia unyevu kuliko kompositi na hutoa floridi. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken na wenzake walianzisha nchini Tanzania njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kisha kuziba. Shirika la Afya Duniani likaitangaza Aprili 7, 1994. Saruji hii huchakaa upesi kuliko kompositi kwenye meno ya kutafunia, lakini kwa maelfu ya watoto imekuwa badala ya kung'olewa.

Ukiwa kwenye kiti, pumua kwa pua na usifunge mdomo kumeza bila ruhusa. Ukichoka, inua mkono. Uliza kama kuna mpira wa kutenga jino na mate. Usipokuwepo, pamba na mrija wa kunyonya mate vitumike bila haraka. Ukimaliza, kompositi tayari ni ngumu, ila subiri ganzi iishe usije ukajing'ata. Kwa glasi-ionoma, usile kwa saa moja. Kuhisi baridi kwa siku chache si ajabu. Maumivu ya kuuma chakula yasiyopungua yanataka urudi, pengine kizibo kimezidi kimo tu.

Na kofia ya jino ikitoka, usiibandike kwa supaglu. Gundi hiyo huunguza ufizi na kuifungia kofia mahali pasipo pake, pamoja na vijidudu vilivyo chini yake. Iweke kwenye chombo safi, uende nayo kwa daktari haraka. Jino likiwa bado zima, mara nyingi huirudisha ileile.