Mmea unaokaa juu ya mti: ni mwizi au si mwizi?

Ndugu wakulima, katika misitu ya baridi ya milima ya Kivu mnaona mmea unaoota juu ya matawi, bila kugusa udongo. Wenye elimu ya mimea wanauita Polystachya cultriformis, wa ukoo wa okidi. Kule Katanga watu wanakula kikanda, viazi vya ndugu zake wa udongoni. Huu wa mtini hauna viazi. Kila shina lina jani moja tu, na maua ni madogo, meupe, ya manjano au mekundu kidogo.

Wengi wanasema: «Unanyonya mti.» Kisha wanaukwangua, ao wanakata mti wote kwa makala. Basi shikeni mzizi wake mmoja. Umetambaa juu ya ganda, haukuingia ndani. Ngozi yake ni nyeupe; mwagieni maji, itageuka kijani, kwani inanywa kama sifongo. Maji yake ni ya mvua na ya ukungu, si ya mti.

Sasa tazameni mmea mwingine, wenye vijiti vigumu, unaoota juu ya miti ya matunda. Mkiuvuta hautoki, kwa sababu umeingia ndani ya tawi na kunyonya maji yake. Huo ndio mwizi. Kateni tawi lile, chini kidogo ya mahali ulipoingia. Tunachanganya mimea hii miwili, na asiye na kosa anafungwa pahali pa mwizi.

Kwa nini tusiuharibu ovyo? Sababu ni mbegu. Tunda lake lina mbegu nyingi mno, laini kama vumbi. Mbegu ya maharagwe ina chakula chake ndani, hii haina. Lazima ikutane na kuvu ya namna yake, ndiyo iilishe. Nyingi zinakufa tu. Mti mzee ukianguka, kazi ya miaka mingi inaanguka nao.

Ndani ya parki ya Kahuzi-Biega, iliyowekwa mwaka 1970, msiguse kitu. Lakini mti wa shamba lenu ukiangushwa na upepo, ondoeni mimea hiyo polepole pamoja na ganda lake. Ifungeni kwa kamba juu ya mti mwingine ulio hai, wenye ganda la kukwaruza, upande wa kivuli, mvua inapoanza. Msiizike udongoni, itaoza. Wala msiitelemshe bondeni: kila metre 1.000 za kushuka, joto linaongezeka karibu digrii 6, nayo imezoea baridi. Kamba ikioza, mizizi itakuwa imekwisha kushika.