Kuhifadhi Makali ya Wembe

Wembe wa kukunja hutengenezwa kwa feleji, yaani chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo. Ugumu wa feleji ya nyembe hukaribia mara 50 ya ule wa unywele. Hata hivyo, wembe ukinyolewa nao mara kadhaa huwa butu. Yawezekanaje kitu laini kukishinda kitu kigumu?

Makali ni nini?
Makali ni mahali nyuso mbili za wembe zinapokutana. Katika wembe ulionolewa vyema, unene wa makali huwa chini ya maikromita 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Kwa kuwa eneo la makali ni dogo mno, kani ndogo ya mkono hutosha kukata unywele. Makali yakipanuka, kani kubwa zaidi huhitajika, na ngozi huumia.

Sababu za ubutu
Mwaka 2020 wataalamu wa Massachusetts Institute of Technology, Marekani, walichunguza nyembe za kutupwa kwa hadubini ya elektroni. Waliona kuwa makali hayaliki tu kidogo kidogo, bali pia humeguka. Unywele unapopinda huyasukuma makali kwa upande. Mahali ambapo muundo wa feleji haulingani, kipande kidogo hukatika. Adui wa pili ni kutu, ambayo huanza pale maji na oksijeni vinapokutana na chuma.

Kunoa
Kinoo huwa bapa na hulowanishwa. Mgongo na makali ya wembe hulazwa pamoja juu ya kinoo ili pembe isibadilike. Wembe husukumwa polepole, makali yakitangulia, kisha hugeuzwa upande wa pili. Huanzwa na kinoo cha chembe kubwa, humalizwa na laini.

Kabla ya kila kunyoa, wembe hupitishwa kwenye ukanda wa ngozi. Hapa mgongo ndio hutangulia. Makali yakitangulia hukata ukanda. Jiwe kavu la mashine halifai, kwani joto lake huweza kuilainisha feleji.

Utunzaji
Nywele zikilowanishwa kwa maji ya moto kiasi hukatika kwa urahisi, na makali hudumu. Baada ya kazi, wembe hukaushwa na kupakwa mafuta mepesi.

Ikumbukwe kuwa ukali si usafi. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Kinoo na ukanda haviviondoi. Kwa hiyo kila mtu hupaswa kuwa na wembe wake, na kinyozi kutumia wembe mpya kwa kila mteja.

Maswali
1. Kwa nini mgongo wa wembe haunyanyuliwi wakati wa kunoa?
2. Eleza, kwa kutumia kanieneo, kwa nini wembe butu hujeruhi.